Kipande cha Guka, Viza ya Mama

Mashine ilikataa vidole vya Mama mara tatu.

Msichana aliyeketi nyuma ya kioo alimwambia kwa upole, "Mama, hebu panguza mikono kidogo, halafu ubonyeze tena." Mama akapanguza kwa leso. Akabonyeza. Taa nyekundu. Akapewa kitambaa chenye maji. Taa nyekundu tena. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni, kila mtu na bahasha yake ya kaki, na nilihisi macho ya watu mgongoni.

Mama amechuma majani chai kule Kangema kwa zaidi ya miaka 30. Kama una mzazi anayechuma chai unajua: ncha za vidole huisha. Ile mistari inalainika kama sarafu iliyopita mikono mingi. Alinigeukia akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Hii mikono ndiyo imewasomesha," akasema. "Sasa leo haisomeki?"

Mara ya nne taa ikawa kijani.

Hiyo ilikuwa Aprili 2024. Dada yangu ni muuguzi katika nchi moja ya Ulaya, mojawapo ya zile za Schengen. Alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi saba, na kama binti yeyote alimtaka mama yake. Mpango ulikuwa Mama aende miezi mitatu, amkande, ampikie uji, amshikie mtoto. Mimi ndiye ninayekaa Nairobi, mimi ndiye ninayejua kompyuta, kwa hivyo mimi ndiye niliyejaza fomu. Hilo liweke akilini, nitalirudia.

Baada ya majuma matatu pasipoti ilirudi na karatasi moja. Si barua. Ni orodha ya sababu zilizochapishwa tayari, na vibonda viwili vya tiki. Cha kwanza: hakuonyesha ana fedha za kutosha za kujikimu. Cha pili: kuna shaka ya msingi kama ana nia ya kuondoka kabla ya viza kuisha.

Mama aliniomba nimtafsirie. Nilipomaliza alikaa kimya kidogo. Mimi ni mtoto wake wa kiume wa pili, nina jina la baba yake, na kwa hiyo tangu nizaliwe yeye huniita Baba. "Baba," akaniuliza, "wanadhani nitabaki huko nikifanya nini? Na chai itachumwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilisema vile sisi sote husema: hao watu wa ubalozi ni bahati nasibu tu, wanaamka na hasira, wanakataa. Mama naye aliamini jambo baya zaidi. Aliamini ametukanwa.

Sote wawili tulikosea. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini, na nilianza kuelewa nikiwa nimepiga magoti mbele ya sanduku la bati.

*

Tulikuwa tunatafuta hati ya shamba ili tuombe tena. Sanduku lilikuwa la Guka, babake Mama, aliyefariki nikiwa na miaka saba. Chini kabisa, chini ya blanketi na risiti za karo za miaka ya sabini, kulikuwa na kikebe chapa cha chuma, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, chenye kitundu cha kupitishia kamba. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi ikaanza kukatika kwenye mikunjo.

Kipande.

Nilikuwa nimesoma habari za kipande shuleni, ile mistari miwili ya kukariri mtihani ukikaribia. Sikuwa nimewahi kukishika. Kuna jina la Guka, limeandikwa vibaya. Kuna kabila lake. Kuna tarehe ya kuanza kazi na mshahara wa mwezi: shilingi 12. Kuna sahihi ya mzungu mwenye shamba karibu na Thika. Na kuna alama za vidole, nyeusi, kubwa, zimekanyagwa kwa nguvu kama mtu aliyeshikwa mkono akabonyezwa.

Mama alikuja akasimama nyuma yangu. Akaangalia zile alama kwa muda. "Ya kwake ilikubali mara ya kwanza," akasema.

Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915. Vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kujiandikisha, kuchukuliwa alama za vidole, na kutembea na karatasi hiyo popote atokapo nje ya eneo lake. Nakala ya alama zake ilihifadhiwa Nairobi. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kile kikebe, na Wakikuyu wakakiita mbugi, jina la kengele anayofungwa mbuzi. Wazungu hawakuwa na kipande. Wahindi hawakuwa na kipande.

Watu hudhani kipande kilikuwa kitambulisho tu, kama hiki chetu kilicho pochini. Hapana. Kazi yake hasa ilikuwa kumzuia mtu asiondoke. Mwajiri alitia sahihi ukianza kazi, na alitakiwa kutia sahihi ukiacha. Ukiondoka bila sahihi ya pili, wewe si mtu aliyeacha kazi. Wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Polisi akikusimamisha barabarani, karatasi ingemwambia palepale kwamba bado ni mali ya bwana fulani, na vidole vyako vingesema ukweli hata kama umebadilisha jina.

Swali la kipande, ukiling'oa maneno yote ya kisheria, lilikuwa moja: huyu atatoroka?

Sasa rudi kwenye ile karatasi ya Mama, kibonda cha pili. Kuna shaka kama ataondoka kabla ya viza kuisha. Swali lile lile, limegeuzwa nje ndani. Guka alishukiwa kwamba ataondoka. Binti yake alishukiwa kwamba hataondoka.

*

Wacha nikwambie kitu kilichonishangaza nilipoanza kufuatilia. Pasipoti kama tunavyoijua leo ni rika moja na kipande.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mtu aliweza kuvuka sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi bila pasipoti yoyote. Vita vilipoanza mwaka 1914 serikali ziliogopa majasusi na watoro wa jeshi, zikadai karatasi. Zilisema ni kwa muda tu. Vita vikaisha, karatasi ikabaki. Oktoba 1920 Umoja wa Mataifa wa wakati huo uliitisha mkutano Paris, na mataifa yakakubaliana pasipoti iwe kijitabu cha sura moja, kurasa 32. Waliokutana walisema wazi kwamba wanatarajia siku moja vikwazo hivi viondolewe kabisa. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunasubiri hiyo siku.

Kwa hivyo 1920, mzungu mjini Paris alipewa kijitabu ambacho alitumaini ni cha muda. Mwafrika wa Kenya alipewa kikebe cha shingoni.

Hata zile alama za vidole zina safari yake. Hazikuanzia Ulaya. Mwaka 1858 afisa wa Kiingereza huko Bengal, William Herschel, alimfanya mwanakandarasi Mhindi apige chapa ya kiganja kwenye mkataba ili asije akaukana. Miongo minne baadaye, hukohuko Bengal, Edward Henry na wasaidizi wake wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, wakaunda mpangilio wa kuhifadhi alama hizo ili zipatikane haraka miongoni mwa maelfu. Mpangilio uliobeba jina la Henry peke yake, bila shaka. Mwaka 1906 serikali ya Transvaal, Afrika Kusini, ikataka kila Mhindi ajiandikishe kwa alama za vidole. Wakili mmoja kijana aitwaye Mohandas Gandhi akaitisha mkutano Johannesburg, na mnamo Agosti 1908 watu wakachoma vyeti vyao hadharani mbele ya msikiti.

Unaona njia ilivyopita? Mbinu ya kumtambua mtu usiyemwamini ilijaribiwa kwanza kwa waliotawaliwa. Ikishafanya kazi, ikapelekwa koloni linalofuata.

Na watu wa hapa hawakuikubali kimya. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa kati ya malalamiko yake makuu, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Tarehe 16 umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, pale karibu na chuo kikuu cha leo, kumtaka aachiliwe. Mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru akawakemea wanaume kwa woga wao. Polisi wakafyatua risasi. Zaidi ya watu 20 walikufa, naye akiwemo.

Kipande kiliendelea zaidi ya miaka 20 baada ya hapo. Mwaka 1947 ikapitishwa sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote. Ndipo kikatokea kioja. Walowezi waliposikia kwamba nao watachukuliwa alama za vidole, walipiga kelele kweli kweli. Walisema ni kuwafanya wahalifu! Wakaanza kutafutiwa njia nyingine: anayeweza kujaza fomu mwenyewe kwa Kiingereza atumie picha na sahihi.

Usicheke sana. Soma kanuni za viza ya Schengen uone ni nani wanaosamehewa vidole leo: watoto chini ya miaka 12, wasioweza kwa sababu za kimwili, na marais na mawaziri wanaposafiri kwa mwaliko rasmi. Mchuma chai hayumo.

*

Kuna hadithi nyingine ambayo kila kijana wa Nairobi angefaa kuijua, kwa sababu ilianzia uwanja wa ndege wa hapahapa Embakasi.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wenye asili ya Asia walipewa miaka miwili kuamua kama watakuwa raia wa Kenya. Wengi hawakuomba. Walikuwa na pasipoti za Uingereza, zimetolewa kwa mamlaka ya London, na walidhani pasipoti ni ahadi. Mwaka 1967 serikali ya Kenya ikapitisha sheria ya uhamiaji iliyowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na nyingine ya leseni za biashara. Maduka yakaanza kufungwa. Watu wakaanza kununua tiketi za London.

Februari 1968 Embakasi ilijaa familia na masanduku, wakikimbizana na tetesi kwamba mlango unafungwa. Tetesi zilikuwa kweli. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwa siku tatu tu, ikawa sheria tarehe 1 Machi. Kuanzia siku hiyo, pasipoti ya Uingereza peke yake haikutosha kukuingiza Uingereza. Ilibidi wewe, mzazi wako, au babu au bibi yako awe alizaliwa kule, au alipata uraia kule. Babu wa mlowezi wa Nanyuki alizaliwa kule. Babu wa mwenye duka wa Ngara alizaliwa Gujarat. Wasiotimiza sharti waliwekewa vocha 1,500 kwa mwaka. Wengine walirushwa kutoka uwanja hadi uwanja, kila nchi ikiwakataa.

Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipochunguza malalamiko yao, ilisema kuwabagua watu hivyo kwa sababu ya rangi, katika hali ile, kulikuwa kuwadhalilisha. Lakini wakati huo watu walikuwa wameshaishi miaka mitano wakisubiri.

Funzo ni gani? Ni kwamba karatasi haina nguvu yake yenyewe. Nguvu iko kwa anayeisoma, na anaweza kubadilisha namna ya kuisoma usiku mmoja.

Tazama pia Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Kifungu cha 13 kinasema kila mtu ana haki ya kutoka nchi yoyote, hata yake, na kurudi nchini kwake. Katiba yetu ya 2010 imelirudia hilo katika kifungu cha 39, na kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya pasipoti. Sasa tafuta mahali penye haki ya kuingia nchi ya mwingine kama mgeni. Hapapo. Dunia ilikupa haki ya kutoka bila kukupa pa kufikia. Katikati ya hizo haki mbili ndipo palipojengwa ofisi za viza.

*

Turudi kwa Mama, kwa sababu nilisema nitarudia ile fomu.

Nilipokuwa nimeanza kusoma haya yote, nilisoma pia kanuni zenyewe, neno kwa neno, jambo ambalo singethubutu kukiri kwamba sikulifanya mara ya kwanza. Mara ya kwanza niliuliza marafiki. Jamaa mmoja aliniambia, "Bana, hao wanataka kuona doo tu. Jaza akaunti." Basi nikamfungulia Mama akaunti mpya kwenye benki kubwa ya mjini, maana niliona ile ya sacco ya kijijini haina heshima. Nikakopa kwa huyu na yule, nikaweka shilingi 400,000, majuma mawili kabla ya miadi.

Fikiria afisa anachoona. Akaunti changa kuliko mimba ya dada yangu. Haina historia. Ghafla fedha zinaingia kwa mkupuo mmoja, na hakuna maelezo zimetoka wapi. Angewezaje kuamini ni zake? Hazikuwa zake! Nilikuwa nimemfanya mama yangu mwaminifu aonekane mwongo, na kisha nikalaumu bahati.

Na ile sacco niliyoionea haya? Ndiyo inayopokea pesa zake za chai, kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, na bonasi mara moja kwa mwaka. Ndiyo ushahidi bora zaidi aliokuwa nao kwamba ana maisha, na kwamba maisha hayo yana mizizi. Nilikuwa nimeuacha kijijini.

Hapa ndipo historia ilinisaidia. Ukielewa kwamba sheria hizi zimejengwa juu ya shaka, huwezi tena kuzichukulia kama tusi la binafsi wala kama bahati nasibu. Marekani wameliandika bila kupepesa macho, katika sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b): mwombaji wa viza kama za utalii au masomo anahesabiwa kuwa mtu anayetaka kuhamia, hadi amridhishe afisa kwamba sivyo. Mahakamani huna hatia hadi ithibitishwe. Dirishani, ni kinyume. Schengen hawasemi hivyo waziwazi, lakini kibonda kile cha pili kinafanya kazi hiyohiyo.

Basi kazi ya mwombaji si kuonekana tajiri. Ni kujibu shaka moja, kwa ukweli, kwa karatasi. Wasee, hili ningependa mtu angeniambia mapema.

Mara ya pili tulikaa mezani na Mama nikamuuliza swali ambalo sikumuuliza mara ya kwanza: ni kitu gani kinakurudisha? Alinishangaa. "Kila kitu," akasema. Nikaandika: shamba la chai, hati ipo. Vyumba vinne vya kupangisha pale sokoni, kodi huingia kwa M-Pesa. Chama cha akina mama ambacho yeye ni mweka hazina. Wajukuu wawili wa kaka yangu anaowalea. Na bonasi ya chai, ambayo hakuna mchuma chai mwenye akili timamu atakayeikosa.

Tukaweka stetimenti ya sacco ya miezi yote, na ya M-Pesa. Dada akapitia ofisi ya serikali ya kwao na kupata fomu rasmi ya mwenyeji anayegharamia mgeni, badala ya ile barua fupi aliyoniandikia kwenye simu. Bima ya safari ilikuwepo tayari, ile ya kima cha chini cha euro 30,000. Pasipoti ilikuwa na muda wa kutosha: inatakiwa ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kule, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa mbili wazi. Tukapunguza siku tulizoomba kutoka 90 hadi 45, kwa sababu siku 90 ndani ya kila siku 180 ndizo nyingi kabisa unazoweza kupewa, na mkulima anayeomba zote wakati wa chai anajisemea mwenyewe vibaya. Tukaandika pia maelezo ya ombi lililokataliwa, na kukiri kwamba zile 400,000 zilikuwa za kukopa. Mkono wangu ulitetemeka nikiandika hiyo sentensi. Lakini kuficha kungekuwa ujinga: kumbukumbu za maombi hukaa katika mtambo wao hadi miaka 5, na afisa wa nchi nyingine ya Schengen huziona vilevile.

Ombi la kwanza tulilipa euro 80. Tarehe 11 Juni 2024 bei ilipanda, la pili tukalipa 90. Ukikataliwa hazirudi.

Mara hii hakuna aliyemwambia Mama abonyeze vidole. Mashine ilikuwa navyo tayari, na vikishachukuliwa vizuri hutumika kwa karibu miaka mitano. Alipoambiwa hivyo alinitazama, na najua sote tuliwaza lile sanduku la bati, na ile nakala iliyobaki Nairobi.

*

Ningekuwa mwongo nikiishia hapo, kana kwamba kushukiwa ni kitu tunachofanyiwa sisi tu na wageni.

Mwaka 1989 serikali yetu wenyewe iliwapitisha Wakenya Wasomali kwenye ukaguzi, na waliopita wakapewa kadi ya waridi ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Walitakiwa kutembea nayo pamoja na kitambulisho. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa, au Mnubi wa Kibra, akitaka kitambulisho aliitwa mbele ya kamati akaulizwa kuhusu babu yake, jambo ambalo mimi wa Murang'a sikuulizwa hata siku moja. Rais alitangaza mwisho wa ukaguzi huo wa ziada Februari 2025, akiwa Wajir. Rafiki yangu mmoja wa Eastleigh alisikia hadithi ya Mama na vidole akatikisa kichwa. "Wewe umeanza foleni hiyo ukubwani," akaniambia. "Mimi nilizaliwa ndani yake."

Na mwaka ule ule wa 2024 Kenya ilisema imeondoa viza kwa dunia nzima, kisha ikaweka idhini ya mtandaoni ya dola 30. Hata Waafrika waliokuwa wakiingia bure wakajikuta wanalipa, wakalalamika, na baadaye wengi wakaondolewa sharti hilo. Nalitaja si kwa kejeli tu. Linaonyesha kwamba kanuni hizi si mvua, zimeandikwa na watu na watu huzibadilisha. Tangu 2014 nimeweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza. Kipande chenyewe, ambacho watu walikifia mwaka 1922, leo ni chuma kwenye sanduku.

*

Viza ilitoka kabla ya siku 15 kuisha. Mtoto alikuwa ameshazaliwa mwezi Juni. Dada alijifungua na jirani mmoja kando yake, na Mama akiwa kwenye simu, picha ikikatikakatika. Hilo hakuna ombi la pili linaloweza kulirudisha, na sehemu ya lawama ni yangu. Nimemwambia dada hivyo.

Mwisho wa Agosti tulimsindikiza Mama JKIA. Faili lake halikuingia kwenye sanduku, alilibeba mkononi, kwa sababu viza haikuhakikishii kuingia. Inakufikisha mlangoni tu, na afisa wa mpakani anaweza kuuliza yote upya. Kwa kweli mpaka wenyewe siku hizi huanzia kaunta ya shirika la ndege. Tangu Uingereza ilipoanza mwaka 1987 kuyatoza mashirika pauni 1,000 kwa kila abiria asiye na karatasi sahihi, na Schengen nao wakaweka adhabu za namna hiyo, binti wa kaunta amekuwa askari wa mpaka bila kupenda. Alimkagua Mama kwa dakika nyingi. Mama alimjibu kila swali, mgongo wima, kama mtu anayejua majibu.

Alikaa siku 43. Alimkanda dada, akampikia uji, akamwimbia mtoto kwa Kikuyu. Kisha, siku mbili kabla ya viza kuisha, simu yangu ikalia alfajiri. Nyuma ya sauti yake nilisikia magari na watu wa teksi wakigombea abiria.

"Baba," akasema. "Niko hapa nje, Nairobi. Waambie nimerudi."

Nilimwambia hakuna haja ya kumwambia mtu, muhuri wa kutoka umegongwa, mtambo wao unajua.

"Najua unajua," akasema. "Wewe waambie tu."